Yupo wa Saba

"Futa hilo jina, Elieth! Futa sasa hivi, au usiniite tena baba!"

Baba yangu alikuwa hajawahi kunipandishia sauti maishani. Siku hiyo alinipokonya daftari na kuchana ukurasa mzima.

Jamani, nisomeni mpaka mwisho. Hii kitu imekaa kifuani, siiwezi tena peke yangu.

Mimi ni katibu wa Nyota ya Buhembe, hapa Bukoba. Msijisumbue kututafuta kwenye runinga, hatumo! Sisi ni ligi ya wilaya, mechi inasimama ng'ombe wapite. Ila mwaka huu tumetimiza miaka arobaini, nikapewa kazi ya kuandika historia ya timu niisome siku ya sherehe.

Mwaka 1997 timu ilikwenda kucheza kisiwani Bumbire kwa mitumbwi miwili. Wa pili ukapinduliwa na upepo. Wachezaji sita walikufa.

Ndiyo maana mpaka leo, kabla ya kila mechi, nahodha anasoma majina sita. Kila jina likisomwa, timu nzima inajibu, "Yupo!"

Mara sita.

Lakini mimi tangu utoto wangu nilikuwa nasikia ya saba...

Ya chinichini, wote wakishanyamaza. "Yupo."

Ilitoka kwa baba. Datius Rutaihwa, kipa wa enzi hizo, sasa mwenyekiti wetu. Nikimuuliza ananiambia hakusema kitu.

Yeye siku ile hakusafiri na timu. Alikwenda Muleba kupeleka posa kwa kina mama yangu. Aliporudi akakuta kwao watu wamekaa msibani, wanamlilia yeye! Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya mtumbwi. Nyumbani tulikuwa tunaisimulia hiyo habari na kucheka.

Sasa sicheki.

Nilipopekua sanduku la timu, nikakuta leseni yake ya mchezaji. Jina ni Datius Rutaihwa, namba moja, golikipa.

Picha si yake!

Ile sura nilikuwa naijua. Nimeiona mara mia sebuleni kwa Bibi Hafidha, mama anayetushonea jezi zikichanika. Ni Awadhi Saburi, mwanawe wa pekee.

Nikaenda kwake mchana huohuo nikijifanya nafuata jezi.

"Bibi, Awadhi yuko wapi siku hizi?"

"Masaka, Uganda. Alikwenda kutafuta timu."

"Nani alikwambia?"

Alikata uzi kwa meno, akanitazama.

"Baba yako."

Nilitoka pale bila hata kuchukua jezi. Nikaandika jina la saba kwenye historia, nikampelekea baba asome. Ndipo akachana.

"Tata," nikamwita baba kwa kilugha, "huyu alikuwa mamluki wenu?"

Akainama kuokota vipande vya karatasi.

"Mlimchezesha kwa leseni yako?"

Akakaa chini kabisa, kwenye majani makavu ya migomba.

"Nilimvalisha jezi yangu kwa mikono yangu, Elieth. Mimi nilitaka kwenda kwa mama yako. Ile miili sita ilipatikana. Yeye ziwa halikumrudisha."

"Kwa nini hamkusema?"

"Timu ingefungiwa. Viongozi wakatuapisha wote wa mtumbwi wa kwanza, na mimi pia. Nikasema nitamwambia mama yake mwezi ujao... halafu mwaka ujao..."

Miaka ishirini na nane!

"Wenzangu wote waliojua wameshakufa," akasema. "Ukisoma hilo jina, unanizika mimi."

Sikulala vizuri wiki nzima. Nampenda baba yangu, jamani. Halafu nikawaza, mimi nimezaliwa kwa sababu Awadhi alipanda ule mtumbwi.

Siku ya sherehe uwanja ulijaa. Baba mbele, amevaa koti. Bibi Hafidha kwenye kigoda chake nyuma ya goli, mahali anapokaa kila mechi.

Nikasoma majina sita. Timu ikajibu mara sita.

"Awadhi Saburi!"

Hakuna aliyejibu. Wachezaji wanatazamana, hawamjui.

Baba akasimama. Nikajua ananijia mimi. Akanipita, akatembea mpaka nyuma ya goli, akapiga magoti mbele ya kile kigoda.

"Yupo," akasema kwa sauti. "Yupo ziwani, mama. Hakwenda Masaka. Alikwenda Bumbire badala yangu."

Bibi Hafidha hakupiga kelele. Hakulia.

"Najua, Datius. Mimi ndiye niliyemfungia chakula chake cha safari ya Bumbire asubuhi ile."

"Ulijua...?"

"Nilikuwa nakaa hapa nisikie ile yako ya saba. Kila mechi. Nikasema leo atasema. Nitasomaje hitima ya mtu ambaye nyie mnasema yuko hai Masaka? Nilitaka itoke kinywani mwako."

Baba alilia mbele ya watu kama mtoto.

Hitima ikasomwa Ijumaa iliyofuata. Baba, Mkatoliki kindakindaki, alikaa mkekani mpaka mwisho. Kama amesamehewa, sijui. Bibi hakusema, na sisi hatukuthubutu kuuliza.

Ndugu msomaji, kama kuna mtu anasubiri neno moja tu kutoka kwako, mpelekee leo. Usijidanganye kwamba hajui. Pengine anajua kila kitu, na amechoka kukusubiri.

Sasa tunasoma majina saba, na baba anajibu kwa sauti kama wengine.

Bibi Hafidha hajaja tena uwanjani. Kumbe miaka yote ile hakuwa anaangalia mpira.

Kigoda chake bado kiko nyuma ya goli. Kabla ya kila mechi baba anakifuta vumbi, halafu anasimama pembeni yake mpaka filimbi ya mwisho.