Siku Tatu Kabla ya Kliniki

Albano ni mchonga vinyago. Anaishi Gongo la Mboto na mkewe, Sesilia. Kila asubuhi anakaa uani, anashika tezo, anachonga mpingo. Vumbi jeusi linamjaa mpaka kwenye kope.

Ana kisukari, mwaka wa nne sasa. Dawa anazo, lakini zinalala kabatini. Chai yake ni vijiko vinne vya sukari. Ila zikibaki siku tatu aende kliniki ya kila miezi mitatu, anabadilika. Chai haina sukari, ugali kidogo, dawa asubuhi na jioni.

"Kwaresima yako imeanza," Sesilia humtania.

"Cheka tu. Nesi akinitoboa kidole, ataona sukari safi."

Na kweli, huwa safi. Lakini kuna jambo hakumwambia mtu. Siku hizi akipiga tezo kidogo tu, pumzi inakata, kifua kinabana. Hapo anaacha kuchonga, anajifanya ananoa. Alidhani mkewe hajaona.

Siku ya kliniki Sesilia akafuatana naye.

"Shikamoo baba," alisema Nesi Sekela.

"Marahaba."

Nesi alimtoboa kidole. "Sukari nzuri."

"Nesi," Sesilia akasema, "muulize kwa nini tezo lake linanolewa kutwa nzima."

Albano akatazama sakafu. Kisha akasema yote, hata zile siku tatu.

Siku ile ile alipimwa moyo, na damu ikatolewa mkononi. Daktari alikuta mishipa ya moyo imeanza kuziba. Akamwongezea dawa. Sukari nayo, kwa damu ile ya mkononi, ilikuwa juu.

"Si umesema nzuri?" Albano alimuuliza nesi.

"Kidole kinasema ya leo, baba. Kipimo hiki kinasema ya miezi mitatu."

"Sawa. Lakini sukari iko kwenye damu. Moyo umeingiaje?"

Nesi Sekela akavuta kiti. "Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana. Kila chembe inachoma sukari kwa hewa tunayovuta. Ndiyo nguvu yako ya kuchongea. Sasa, ukipandisha utambi wa taa ya chemli kupita kiasi, inakuwaje?"

"Inafuka moshi. Kioo kinakuwa cheusi."

"Basi sukari ikizidi, chembe nazo zinatoa sumu, mfano wa moshi ule. Mwili unaisafisha, lakini ikiwa nyingi unashindwa. Sumu inachubua mishipa kwa ndani, na mafuta yananata hapo. Msuli wa moyo nao unachoka. Hiyo ni njia mojawapo kisukari kinavyofika moyoni."

"Mbona sikuumwa?"

"Mwanzoni huumwi. Siku tatu unashusha utambi, siku themanini unaupandisha."

"Mie nilidhani nakuja kufanya mtihani."

"Unakuja kutibiwa, baba. Dawa ni kila siku. Kula mboga nyingi, ugali kiasi, tembea. Na kifua kikibana tena, usinoe tezo. Njoo hospitali hapo hapo."

Dawa zikahamia mezani, karibu na sahani yake. Soda akaacha. Jioni wakawa wanatembea wawili, polepole, hadi kanisani na kurudi.

Miezi mitatu ikapita. Sukari ilikuwa imeshuka sana, na Albano alikuwa anachonga asubuhi nzima bila kifua kubana. Nesi alifurahi, akaanza kuandika kwenye kadi.

"Ngoja kwanza," Albano akasema. "Jumapili, kwenye komunyo ya mjukuu, nilikunywa soda. Chupa nzima. Andika na hiyo."