Fundi Aliyelazimika Kusomewa

Mashine ya fotokopi ilikwama, na foleni ikaanza kunung'unika hadi mlangoni. Aliyekuwa mbele ni fundi wa friji, mwanamke wa miaka thelathini hivi, ovaroli ya buluu iliyopauka magotini, kitambaa chekundu kichwani, spana mfukoni na vihereni vya dhahabu masikioni. Alikuwa anatoa nakala ya kitabu kizito cha ufundi wa majokofu.

"Dada, wengine tuna kazi," akasema mwanamume wa nyuma yake, shati jeupe limenyooshwa, miwani puani.

"Na mimi nimekuja kupunga upepo? Shika hiki."

Akamtwika kitabu, akafungua ubavu wa mashine, akachomoa karatasi iliyojikunja kwa vidole viwili. Mashine ikanguruma. Watu wakapumua.

Mwanamume alikuwa ameshaona mhuri kwenye jalada. "Hiki ni cha maktaba yetu. Mimi ni mkaguzi pale."

"Unakagua nini, vumbi?"

"Nakagua kitabu kinamfaa msomaji gani, naandika ripoti. Kinachofaa kinabaki rafuni. Kisichofaa kinaondolewa."

"Na hao wasomaji unawajuaje?"

Mkaguzi akacheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani, na angejibu siku ile angejiokolea mengi. Lakini alikuwa anaangalia vihereni.

Mwezi haukuisha wakawa hawapitishi siku bila simu. "Umekula, Miwani?" "Bado, nasubiri kusikia sauti yako." "Basi sauti umeisikia, kale." Jioni mkaguzi akitoka kazini alipitia karakana ya fundi, akakalia kreti aliyoitandika gazeti ili suruali isichafuke, na fundi akamcheka kwa hilo kila siku.

Fundi alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa leseni. Hospitali kubwa ilikuwa imemwahidi kazi ya kutunza vyumba vya baridi zinamohifadhiwa chanjo. Bila leseni, asiote. Kitabu kile kiliazimwa kwa wiki moja moja. Alikuwa ametoa nakala ya sura tatu tu, zilizobaki alizisoma kwa kukiazima tena na tena.

Jioni moja mkono wake ukiwa ndani ya tumbo la friji, akamwambia, "Nisomee ukurasa wa arobaini na moja, jedwali la presha."

Akamsomea.

"Tena, mpenzi. Polepole."

Akamsomea tena. Fundi akafumba macho, anafungua valvu kwa kupapasa, na sauti ya mtu wake inamwingia masikioni kama maji ya uvuguvugu. Mkaguzi akayaona yale macho yaliyofumbwa, akamhurumia.

Wiki tatu kabla ya mtihani, fundi akaenda maktaba na kukuta pengo rafuni.

"Kimeondolewa, mwanangu," akasema bibi wa dirishani, anayeazimisha vitabu. "Kiko stoo, kinapelekwa chuo kikuu. Ripoti hii hapa, kila mtu anaruhusiwa kuisoma."

Mwandiko aliujua. Ripoti ilisema: *Lugha ngumu, majedwali mengi. Hakimsaidii fundi wa mtaani. Fundi mmoja mzoefu ninayemfahamu alilazimika kusomewa, na hata hivyo kwa kurudiwa.*

Akaisoma mara tatu, tena bila kusomewa na mtu. Kisha akatoka nje, akapiga simu akiwa amesimama juani.

"Haloo, kipenzi."

"Kipenzi gani? Nani alilazimika kusomewa?"

"Sikuandika jina lako," akasema mkaguzi.

"Ungeliandika ingekuwa aibu yangu peke yangu. Sasa umewaandika mafundi wa mji mzima kuwa hawajui kusoma."

"Nilitaka kuwasaidia. Nimependekeza kingine, chepesi, chenye picha."

"Picha za nini, Miwani? Za friji? Friji ninazo karakanani kumi na moja. Nikitaka kuziona nageuza shingo."

"Lakini wewe mwenyewe uliniomba nikusomee."

"Mikono yangu ilikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko. Niliwahi kukichafua, bibi wa dirishani akaninunia mwezi mzima. Uliiona mikono yangu siku ile?"

"Sikumbuki."

"Ulikaa mita moja kutoka kwangu. Kama ndivyo unavyokagua, nawaonea huruma hao wengine." Akakata.

Na alikuwa na haki ya kukasirika. Kuna watu wamekalia viti vya kuzunguka, wanaamua mkulima asome nini, mama mlezi asome nini, mlinzi wa geti asome nini, na hawajawahi kumuuliza mmoja wao hata saa ni ngapi. Halafu wanasema huo ni msaada.

Mkaguzi akapiga tena mara kumi na nne. Alijibiwa mara moja tu: "Nina sura tatu na mtihani mmoja. Niache."

Kesho yake akalifungua faili lake. Ripoti arobaini. Akatafuta ndani yake msomaji mmoja aliyeulizwa swali, hakumkuta. Akaenda kwa mkuu wa maktaba, mama asiyeachana na shada la funguo, akaomba kuifuta ripoti yake.

"Ukifuta moja, zote zitatiliwa shaka," akasema mkuu.

"Zitiliwe, mama."

"Nitakutoa kwenye ukaguzi. Utakaa dirishani na bibi, kuazimisha."

"Nitakaa. Naomba ufunguo wa stoo."

Zilikuwa zimebaki siku tisa alipofika karakana, shati jeupe, kitabu mkononi. Fundi alikuwa amepiga magoti nyuma ya friza kubwa ya bucha.

"Weka mezani uende."

"Kimeazimwa kwa jina lako, mpaka mtihani upite. Ndani kuna ripoti mpya."

"Nitaisomaje mimi? Si uliandika siwezi?"

Kompresa, pampu nzito ya friza, ikaanza kuteleza. "Shika hapo, isiniangukie," akasema fundi, na mkaguzi akajitupa, akaikumbatia kompresa kwa mikono miwili na kifua. Mafuta meusi yakamtiririkia hadi viwikoni. Akashikilia hivyo hivyo mpaka boliti zote nne zikaingia.

Fundi akanawa taratibu, akajifuta, akakaa juu ya kreti.

"Hiyo ripoti iko wapi?"

"Katikati ya kitabu. Ningekutolea, lakini mikono..."

"Mikono ina nini?"

"Ina grisi."

"Kwa hiyo?"

"Nisomee," akasema mkaguzi kwa sauti ndogo.

Fundi akaitoa karatasi, akasoma: "Ripoti ya kwanza ina makosa. Mkaguzi hakumuuliza msomaji yeyote. Fundi aliyetajwa anasoma vizuri kuliko mkaguzi, kwa sababu yeye akimaliza kusoma, maji yanaganda. Kitabu kirudishwe rafuni, na ziongezwe nakala mbili."

Halafu, bila kuombwa, akairudia polepole. Mkaguzi akafumba macho.

"Bado nina hasira," akasema fundi.

"Najua."

"Nitakuwa nayo mpaka mtihani upite. Jumapili inayofuata uje kwa mama, umwambie mwenyewe unanitakia nini. Mimi sitakusemea."

"Nitakuja."

"Na uvae shati hilo hilo."

"Hili limeshaharibika, mpenzi."

"Ndiyo hilo," akasema, tayari anafungua ukurasa wa arobaini na moja. "Nataka mama akuulize limefanyaje."