Mguno wa Gunia

Foleni ya fundi simu ilikuwa imefika mpaka kwenye duka la viatu, na kila aliyesimama ndani yake alijiona ana haraka kuliko mwenzake. Binti mmoja mwenye gauni la njano, miwani kaipandisha kichwani, alikuwa akimkabili jamaa aliyejipenyeza mbele yake.

"Kaka, rudi nyuma kwa miguu yako kabla sijakurudisha kwa mikono yangu."

Jamaa akarudi. Nyuma ya binti palikuwa na pande la mtu, masikio yamefura, fulana inambana mabega. Alikuwa amekodoa macho.

"Dada, samahani. Hebu rudia hayo maneno."

"Nirudie? Una nini?"

"Ni wewe. Wewe ni Kinda. Kinda wa Jumanne saa nne asubuhi."

Binti akashika mdomo. Kinda alikuwa kijana wa kwenye katuni ya Kijapani, yatima aliyelelewa na wacheza mieleka wazee mpaka naye akapanda ulingoni. Ilikuwa katuni nzuri kupita kiasi, na hakuna aliyeitazama. Televisheni ilikuwa ikiirusha wakati wakubwa wako kazini na watoto wako shule. Binti ndiye aliyemtia Kinda sauti ya Kiswahili, na kwa miezi saba hakuwahi kukutana na mtazamaji hata mmoja. Mama yake mzazi alijaribu mara moja, akasinzia.

"Unaitazama kweli?"

"Nailia," akasema yule bwana, wala hakuona haya. "Siku mwalimu wake alipostaafu, chai ilinishinda."

"Mtu mzima na katuni?"

"Mtu mzima na mieleka. Ndiyo kazi yangu."

Alicheza mieleka ya maonyesho, kila Jumapili mchana, kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki. Watu walimwita Gunia kwa sababu kazi yake ilikuwa kubebwa na kubwagwa.

"Kwa hiyo unashindwa kila wiki?"

"Kila wiki, dada wa katuni. Mwenzangu anaonekana shujaa kwa sababu mimi najua kuanguka. Kushinda hata wewe unaweza."

Binti alicheka mpaka miwani ikamwangukia puani. Simu zao zilipotengenezwa, namba ya kwanza kuingia katika kila moja ilikuwa ya mwenziwe.

Mapenzi ni kikohozi, na haya yalisikika mpaka studio. Mwongozaji alipolalamika kwamba miguno ya Kinda ni ya mtu aliyejikwaa kwenye zulia, binti akamleta Gunia awafundishe. Akajibwaga sakafuni mbele ya maiki, akagumia, akagaagaa, akamwita marehemu bibi yake. Fundi wa sauti, kijana mpole aliyenyoa ndevu kwa ustadi na hakupenda maneno mengi, akavua hedifoni.

"Huo sasa ndio mguno," akasema.

Binti alikuwa amepiga magoti pembeni ya Gunia, machozi yanamlengalenga. "Umeumia wapi?"

"Sijaumia popote." Gunia akafungua jicho moja. "Sikiliza, Kinda wangu. Ukinisikia nalalamika, jua niko kazini, kaa utulie. Siku nikinyamaza, hapo njoo mbio."

"Nitakuja hata bila viatu."

"Na miwani?"

"Miwani nitavaa, nisije nikamkumbatia mwingine."

Walicheka wote, hata fundi wa sauti.

Basi siku moja kaka mkubwa wa binti akapiga simu. Binti alikuwa anapiga pasi nyumbani kwa Gunia, mikono haina nafasi, akaweka simu kwenye spika. Gunia alikuwa jikoni, anaosha vyombo.

"Mama anasema una mchumba," kaka mtu akasema. "Anafanya kazi gani?"

Pasi ikasimama. Binti alikuwa na jibu, tena jibu fupi, lakini likamkwama. Kaka yake alikuwa mhasibu, shemeji zake wote watu wa ofisi.

"Yuko kwenye mambo ya filamu," akasema.

"Filamu gani?"

"Ah, kaka, filamu tu. Nitakueleza."

Maji jikoni yakafungwa. Gunia alitoka akijifuta mikono, akaketi, akatazama nguo zilizokunjwa. Binti alijua amekosa, na kujua huko ndiko kulikomtia ukali.

"Sasa umenuna? Ulitaka nimwambie unalipwa kuangushwa?"

Gunia hakujibu.

"Sema neno basi. Mwanaume mzima unanuna kama mtoto."

Hakujibu. Yule aliyelaumu dunia nzima kwa kutoijua thamani ya katuni ya mieleka alikuwa anamwonea haya mcheza mieleka wake mwenyewe. Hilo wote wawili waliliona, na aliyepaswa kulisema hakulisema. Binti alichukua mkoba wake akaondoka, akisubiri aitwe. Hakuitwa.

Wiki mbili baadaye simu ililia. Lilikuwa jina la Gunia. Binti akapokea haraka, akasikia pumzi tu.

"Haloo?"

Pumzi.

"Kama huna la kusema, usinipigie tena."

Akakata. Hakupigiwa tena.

Alilia siku nyingi, na fundi wa sauti ndiye aliyemletea maji. Halafu akawa anamletea matunda, kisha habari, kisha pete. Ni mtu mwema, sina la kumsema. Kaka mtu alipouliza kazi yake, binti alijibu bila kukwama.

Ikabaki sehemu moja ya katuni kabla haijaisha. Studio, asubuhi. Kwenye skrini Kinda anarushwa, anatua kwa shingo. Binti akagumia, mguno mrefu, ule aliofundishwa. Mwongozaji akasimamisha kazi.

"Futa huo. Hapa hakuna mguno. Huyu kaumia kweli, ndiyo maana kanyamaza."

Binti akabaki ameshika maiki. Akakumbuka sebule, nguo zilizokunjwa, mtu aliyenyamaza. Akakumbuka ile pumzi kwenye simu. Akaondoka na hedifoni shingoni, na waya ukakatikia mlangoni.

Majirani wa Gunia walimwelekeza kwa dada yake Gunia, ghorofa ya tatu. Dada mtu alimfungulia bila karibu ya maana.

"Imepita miezi minane," akasema. "Nilitaka kukupigia, akanikataza. Pita."

Gunia alikuwa kwenye kiti dirishani, amepungua nusu, shati jipya lililofungwa vifungo na mtu mwingine. Mkono wa kulia ulilala mapajani na haukuinuka kumsalimia. Televisheni ilikuwa imewashwa.

"Lini?" binti akauliza.

"Ile Jumapili ya pili. Nilianguka vibaya, kichwa changu hakikuwa ulingoni."

"Na ile simu?"

"Hospitali. Dada alinishikia. Sauti ilikuwa bado haijarudi."

Binti akapiga magoti. "Nisamehe. Ulishaniambia, nami nikasahau. Nimekuja sasa. Nitabaki."

Gunia akaitazama pete kidoleni mwake.

"Fundi wa sauti?"

"Nitairudisha leo hii."

"Ana masikio mazuri yule. Atakusikia." Akatabasamu. Kisha, polepole, akaanza kugumia. "Oooh, moyo wangu. Nakufa jamani. Bibi, nipokee, binti kaniua." Akatupa kichwa nyuma kadiri shingo ilivyomruhusu, akakoroma, akaita malaika. "Unanisikia? Niko kazini. Nenda."

"Gunia, acha."

"Nenda, Kinda. Wakati nalalamika."

Dada mtu alikuwa amegeukia ukuta. Binti akasimama, akambusu paji la uso, akatoka. Miguno ilimfuata hadi kwenye ngazi, mikubwa, ya kuchekesha, mpaka alipofika ghorofa ya pili.

Hapo ikakatika.

Akasimama, mkono kwenye ukuta. Akasubiri angalau mmoja. Juu kulikuwa kimya kabisa, na safari hii hakuwa amesahau maana yake.

Simu ikatetemeka mkononi.

"Mpenzi, uko wapi?" fundi wa sauti akauliza. "Umetuacha studio. Mbona sauti yako hivyo?"

Binti akaangalia juu, akaangalia chini.

"Ni ngazi tu," akasema. "Nashuka."