Sahani Nyeupe ya Kibuye

Jumapili hiyo soko la Kibuye lilikuwa limefurika, na kwenye kibanda cha vyombo ilibaki sahani moja tu nyeupe. Mikono ya watu wawili iliishika pamoja.

"Pole, madam," kijana alisema bila kuiachia. "Hii ni ya nyanya yangu."

"Mimi naihitaji zaidi." Nekoye alishangaa kusikia sauti yake, kwani kwa kawaida aliogopa hata kuuliza bei. "Nataka kuitoboa."

"Kuitoboa?"

"Niifunge kamba, niizamishe ziwani. Pale inapopotea machoni ndipo najua maji yamechafuka kiasi gani. Nasomea maji, Chuo Kikuu cha Maseno."

Kijana alicheka hadi muuzaji naye akacheka. Shati la buluu la kijana lilikuwa limepauka kwa jua. "Chukua basi. Lakini lazima nione sahani ikioga. Naitwa Joram, wa ufuo wa Dunga. Mashua ninayo."

Tangu hapo, kila Jumamosi Joram alipiga kasia kando ya mafunjo huku Nekoye akishusha sahani na kupima joto la maji. Joram aliyaonja maji na kusema samaki wamehamia wapi. Vipimo vya Nekoye vilieleza kwa nini. Wakipingana, walibishana mpaka ufuoni, na hakuna aliyeshinda kila mara.

"Wewe Mluhya, samaki hawa wangekuwa kuku ungeshawamaliza."

"Na wewe Mjaluo, endelea kuonja. Ziwa litakauka."

Kisha siku moja Joram akamwingiza Nekoye kwenye ghuba ndogo iliyojificha nyuma ya mafunjo.

"Hapa hatutegi nyavu," alinong'ona. "Hata jina lake hatulitaji. Samaki ngege jike huwabeba watoto wake mdomoni mpaka wapate nguvu. Nyanya Aloo ndiye aliyenionyesha. Sasa nimekuonyesha wewe."

Nekoye alijua amepewa kitu kikubwa. Akamheshimu Joram kwa namna aliyofundishwa chuoni: kwenye ramani aliyoionyesha mkutanoni, mbele ya watafiti na wavuvi, aliweka alama nyekundu, na kando yake akaandika, "Imeonyeshwa na Joram Obiero."

Asubuhi iliyofuata ghuba ilikuwa imejaa nyavu.

Nekoye alimpigia Joram simu mchana kutwa. Jioni ikapokelewa.

"Joram, mpenzi, nilitaka watu wajue ni kazi yako pia."

Kuku wa nyanya walisikika wakigombania punje. "Ngege hafungui mdomo ili asifiwe, Neko," alisema, na simu ikakatika.

Nekoye alilia mpaka mto ukalowa. Kulipokucha alivaa gauni lake la kitenge cha manjano, akaenda Dunga. Wavuvi walikuwa wamezitoa zile nyavu, na kamati ya bichi, inayosimamia ufuo, ilikuwa imeketi. Nyanya Aloo alikuwapo. Joram alikaa nyuma, macho chini.

"Nimekosa," Nekoye alisema. "Nitaifuta ramani yote."

"Ukiifuta yote," Nyanya Aloo akajibu, "wanaotaka kufyeka mafunjo watasema hapa hapakuwa na kitu. Vipimo vyako tunavihitaji, mama. Kidole cha kuonyesha ghuba ndicho hatukitaki."

Basi wakaichora upya pamoja. Alama nyekundu ikatoweka, rangi ya kijani ikafunika ukanda wote wa mafunjo, na ndani yake wakakubaliana hakuna wavu msimu wa mvua. Joram alisema neno moja tu: "Pale pembeni, ongeza rangi."

Mvua zilipokatika, simu ya Nekoye ililia.

"Uko wapi?"

"Hosteli."

"Shuka."

Joram alisimama langoni, shati jeupe limepigwa pasi, kitu kimefungwa kwa gazeti mkononi.

"Ngege wamerudi?" Nekoye aliuliza upesi.

"Wamerudi. Utawaona. Kwanza fungua hii."

Ilikuwa sahani nyeupe.

"Hii usiitoboe," Joram alisema, sasa yeye ndiye mwenye haya. "Ni ya kulia. Kwetu. Siku zote, kama utakubali."

Nekoye aliikumbatia sahani, midomo ameibana, macho yakicheka.

"Mbona husemi, Neko wangu?"

"Jibu ninalo mdomoni," alisema. "Nitalitoa mbele ya nyanya."