Si Kishungi Aliyekata Kabichi

Wakesho ana kuku wake. Kuku ana manyoya yaliyosimama kichwani, ndiyo maana anaitwa Kishungi.

Nyuma ya nyumba Mama amepanda miche kumi ya kabichi. Kila asubuhi Wakesho huihesabu.

Jumatatu akahesabu tisa. Mche mmoja ulikuwa umelala chini, umekatwa shingoni.
Katu! Mche chini.

"Ni kuku wako huyo," Mama akasema. "Kazi yake kuchakura tu."
"Ko-ko-ko," akalia Kishungi. Si mimi, si mimi.

Jumanne, miche minane.
Katu! Mche chini.

"Basi," Mama akasema. "Shangazi yako anakuja Jumamosi. Ataondoka naye."
"Akakae kwake?"
Mama akaingia jikoni. Wakesho alijua shangazi anapenda mchuzi wa kuku.

Jioni ile alimfunika Kishungi kwa tenga. Juu ya tenga akaweka jiwe.
"Vumilia," akamnong'oneza. "Usitoke hata kidogo."

Jumatano, miche saba.
Katu! Mche chini.

Lakini jiwe lilikuwa juu ya tenga. Na Kishungi alikuwa ndani.
"Ko-ko-ko." Si mimi, si mimi.

"Mama! Mama, njoo uone!"

Mama akatazama jiwe. Akatazama tenga. Akaokota mche uliokatwa.
"Majani yote yapo," akasema. "Kuku angeyala. Hebu fukua hapa kwa kidole. Taratibu."

Chaku, chaku, chaku.
Ndani ya udongo kulikuwa na kiwavi mnene wa kijivu. Alikuwa amejikunja kama pete.

"Kumbe ni wewe!" Wakesho akasema.
"Huyo ni sota," Mama akasema. "Usiku anakata miche. Mchana analala udongoni."

Wakafukua kando ya kila mche. Chaku, chaku, chaku.
Wakapata sota wanne kwa jumla.

Kisha Mama akachana gazeti kuukuu. Kila mche wakauzungushia kipande. Kila kipande wakakididimiza kidogo udongoni.
"Miche imevaa skafu!" Wakesho akacheka.
"Ndiyo. Sota hataifikia shingo."

Wakesho akaondoa jiwe. Akafunua tenga.
Kishungi akawaona sota. Do! Do! Do! Do! Kwisha.

"Mama, mwombe msamaha."
"Nani? Kuku?"
"Ulimsingizia."
Mama akachuchumaa. "Haya, Bi Kishungi. Nimekukosea. Nisamehe."
"Ko," akasema Kishungi.

Alhamisi, miche saba.
Ijumaa, miche saba. Hakuna mche chini.

Ijumaa usiku Wakesho alikuwa kitandani. Macho yalikuwa wazi.
"Mama, kesho ni Jumamosi."
"Najua."
"Shangazi atakula nini?"
"Maharage."
"Na akitaka kuku?"
Mama akamvutia blanketi vizuri.
"Atakula maharage," akasema. "Lala, mwanangu."

Wakesho akalala.