Michembe Isiyotafunwa

Katika msimu wa kuchuma pamba, Milembe aliamka amechoka na kulala amechoka zaidi. Alichota maji alfajiri, akafagia uwanja, akaenda shule, na akitoka shule alipitia moja kwa moja shambani. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili tu, lakini vidole vyake vilikuwa vimekwaruzwa na maganda makavu ya pamba kama vya mtu mzima. Kijiji kizima cha Nkoma kilichoka mwaka ule. Wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuingia, kila mmoja na mizani yake, na watu wakalima pamba mpaka karibu na milango ya nyumba. Baba yake, mzee Ngassa, aliipanda hata pale palipokuwa shamba la viazi.

Ndiyo maana michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa juani, haikufika hata nusu ya kihenge. Mama yake, Generoza, aliitolea onyo kali.

"Hii ni ya siku za njaa," alisema. "Atakayeigusa tutaonana wabaya."

Jumamosi moja, jua likiwa kali, Milembe alitumwa nyumbani kuwachukulia wazazi maji ya kunywa. Tangu asubuhi alikuwa amekunywa uji mwepesi tu. Alipita karibu na kihenge, miguu ikakataa kwenda mbele. Akakifunua, akatoa michembe kwa viganja viwili.

Tatizo lilikuwa bibi yake, Ng'washi, aliyekaa barazani akichambua pamba. Macho ya bibi yalikuwa yamefifia, lakini masikio yake yalikuwa mazima kabisa, na michembe mikavu ikitafunwa hulia kama kuni zinazovunjwa. Basi Milembe hakutafuna. Alilowanisha kila kipande kwa mate, akakipindapinda kwa ulimi, akafumba macho na kumeza. Vilimkwaruza koo, naye akaendelea kumeza. Kisha akashikwa na kiu, akanywa maji kata kwa kata, akajitwisha ndoo na kurudi shambani kama mtu asiye na habari.

Haukupita muda mrefu tumbo likaanza kujaa. Lilijaa, likakaza, likauma mpaka Milembe akaanguka kati ya mistari ya pamba. Baba alimpakia kwenye baiskeli, mama akifuata nyuma mbio. Njiani mama alisimama kwenye duka la dawa lililofunguliwa karibuni, akanunua dawa ya kuharisha ili tumbo lifunguke.

Kwenye zahanati walimkuta nesi Felisita, naye macho yamemwiva kwa uchovu, maana siku hiyo alikuwa peke yake.

"Umekula nini leo, binti?" aliuliza huku akilibonyeza tumbo polepole.

"Uji tu," Milembe alijibu.

"Hakuna kingine?"

"Hakuna."

Nesi akatikisa kichwa. "Baba Milembe, naogopa utumbo umejisokota. Mpelekeni hospitali, Bariadi. Huenda akapasuliwa."

Ngassa aliinuka. Alitoka kwa hatua nzito za mtu aliyekwisha kuchoka kabla ya habari mbaya. Baada ya muda Milembe alimwona dirishani, akitoka nyumbani amemshika kamba mtamba wao mwenye mimba, yule ambaye familia nzima ilikuwa ikingoja maziwa yake. Alikuwa anampeleka kuuza ili wapate fedha za gari la kwenda hospitali. Na mama alikuwa anafungua chupa ya dawa ya kuharisha.

Milembe aliona aibu kuliko alivyosikia maumivu. "Mayu, nisamehe!" alimlilia mama yake. "Nilikula michembe! Sikuitafuna, nilimeza tu, bibi asinisikie. Halafu nikanywa maji mengi."

Nesi aliinyakua chupa ile. "Isimguse! Njia ikiwa imeziba, dawa hii ingeweza kumuumiza vibaya." Akamwita Ngassa dirishani. "Baba, ngoja kwanza. Tutamwangalia mpaka jua lizame. Akitapika, au tumbo likizidi kukaza, mtaondoka hapo hapo."

Hakumpa chakula. Alimlowanisha midomo tu, akamtembeza uwanjani taratibu, huku mama akimshika upande wa pili. Walizunguka wakazunguka, wote watatu wakiburuta miguu. Jua lilipokaribia kuzama, Milembe akajamba kwa kishindo hata mtamba akainua kichwa.

"Haya!" Nesi alipiga makofi. "Utumbo unatembea!"

Mama alicheka, kisha akalia. Maumivu yakaanza kulegea, na tumbo likalainika.

Nesi aliomba kamba ya mtamba, akaikunjakunja mapajani mwa Milembe. "Utumbo wako mwembamba ni mrefu kama hivi, nao umekunjwa humo ndani. Humo ndimo chakula kinamoingia katika damu. Kikitoka hapo kinaingia utumbo mpana, unaonyonya maji. Lakini kazi inaanzia mdomoni. Meno yanasaga, mate yanalainisha. Mfuko wa tumbo unakanda tu, hauna meno. Wewe uliupelekea vipande vikavu, vikanywa maji na kuvimba."

"Sitarudia, nesi."

"Kuiba kumekufanya usitafune, na uongo nusura ukupeleke kwenye kisu. Mganga hutibu kile anachoambiwa. Ukificha, umejitibu vibaya mwenyewe." Kisha akamgeukia Ngassa. "Na wewe, baba, mtoto anayechuma pamba kutwa lazima ale. Pamba hailiwi."

Ngassa aliinamisha kichwa. "Kweli, nesi. Mwakani shamba la viazi litarudi."

Baada ya siku chache, Milembe alipopona kabisa, mama alimwita kabla hawajaenda shambani. Alimpa bakuli la karanga za kukaanga.

"Fungu lako la kila siku," alisema. "Ukisikia njaa zaidi, niambie. Nitakachokuwa nacho tutagawana."

Milembe akakaa barazani, karibu kabisa na bibi yake, akatia karanga mdomoni na kuzitafuna kwa makini. Bibi Ng'washi aliacha kuchambua pamba, akatega sikio.

"Endelea, mjukuu wangu," alisema. "Leo nakusikia."