Kazi ya Kusikiliza Tu

Uvumi aliusikia saluni, kichwa kikiwa ndani ya kikaushio.

Kwamba kuna kazi. Cheti hakitakiwi. Kompyuta haitakiwi. Unakaa chumbani, unavaa visikilizio vya masikioni, unasikiliza. Basi. Mwisho wa mwezi unalipwa.

"Binti yangu ameipata," alisema mama mmoja mnene aliyekuwa akisukwa kiti cha pili. "Huko nyuma ya stendi ya malori. Kampuni ya magari ya wagonjwa."

"Kazi ya kusikiliza tu?" msusi akauliza. "Mume wangu asingemaliza hata siku moja."

Wote wakacheka. Yule aliyekuwa chini ya kikaushio alicheka pia, kwa kuwa wenzake walicheka.

Ofisini walimwita Shangazi. Majirani walijua anauza vitunguu, na kweli kapu lake halikukosa vitunguu. Chini ya vitunguu kulikuwa na bastola. Shangazi alikuwa jasusi wa serikali, na kazi yake ilikuwa kuwasaka wafanyao magendo ya silaha.

Uvumi ule ulimganda. Alilala nao, akaamka nao. Lisemwalo lipo.

Asubuhi simu ikaita.

"Shangazi."

"Naam, Mkuu."

"Mgonjwa anahama leo. Saa nne."

Mgonjwa huyo hakuwa na homa wala kidonda. Alikuwa dereva wa lori aliyekubali kwenda mahakamani kuwataja wenye silaha. Wawili kabla yake walikubali pia. Wa kwanza alipigwa risasi njiani, yeye na askari aliyemsindikiza. Wa pili vivyo hivyo. Kila mara wauaji walikuwa wametangulia barabarani, wanangoja.

"Wanasikiliza redio zetu," Shangazi alisema.

"Tuzizime?"

"Tukizizima watajua tumejua. Watahama, wataua mwingine. Acheni ziongee kama kawaida. Msikilizaji niachieni mimi."

"Na ukimkosa?"

"Tutazika wa tatu."

Alilisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Siku aliyouawa wa pili, alikwenda nyumbani akasugua sufuria moja, akaisugua, akaisugua, kisha akalala. Tangu hapo moyo wake ulikuwa kama mguu uliokaliwa. Upo, lakini ukiubonyeza hausikii.

Alianzia duka la redio, mtaa wa nyuma wa posta. Fundi alikuwa na miwani juu ya paji la uso na bisibisi mdomoni.

"Nataka redio inayonasa kila kitu. Polisi, ndege, meli."

"Ya masafa mapana." Fundi akatoa bisibisi mdomoni. "Ziko mbili, mama."

Akaziweka mezani.

Norvik R-8. Mwili wote chuma, nzito kama tofali. Inapitia chaneli mia kwa pumzi moja. Sauti safi, na pasipo mtu anayeongea inanyamaza yenyewe.

Zentoka 20. Plastiki tupu, nyepesi kama kasha la kiberiti. Inanasa yale yale, ila taratibu, tena kwa kukwaruza.

Shangazi akageuza kibandiko cha Norvik. Akakitazama tena.

"Hii ni bei au namba ya simu?"

"Imepanda, mama. Mwezi jana ilikuwa nusu ya hiyo. Juzi ikapanda, jana ikapanda. Mzigo unachelewa, wateja wamekuwa wengi. Bei haikamatiki."

"Wateja gani hao?"

"Wa kila namna. Kuna mmoja wa koti la kijivu, katumwa na bosi wake Norvik. Kuona bei, akabeba Zentoka, chenji akatia mfukoni. Akaomba risiti ya Norvik."

"Ukampa?"

Fundi akakohoa. "Mama, nina watoto."

"Na bosi wake kapunjwa nini? Si zote zinasikia?"

"Zinasikia. Lakini redio yoyote ikisikiliza, yenyewe nayo inanong'ona. Ndani mna kidude kinachopiga mawimbi madogo. Norvik imefunikwa bati, mnong'ono hautoki. Zentoka iko uchi. Angalia."

Akaiwasha Zentoka. Akazungusha kitufe cha Norvik, akashuka chini kidogo ya masafa ambayo Zentoka ilikuwa ikisikiliza. Norvik ikatoa mlio mwembamba. Akaizima Zentoka.

Mlio ukakatika.

"Unafika umbali gani?"

"Nyumba mbili, tatu. Zaidi ya hapo hupati kitu."

"Nifungie Norvik."

"Sipunguzi, mama."

"Sijaomba."

Nyuma ya stendi ya malori. Norvik ndani ya kapu, vitunguu juu yake, waya umepita chini ya kitambaa cha kichwa mpaka sikioni. Masafa ya polisi aliyajua kama jina lake. Akashuka chini kidogo, kama alivyoonyeshwa.

Duka la matairi. Kimya.

Gereji. Kimya.

Simu ikatetemeka. "Tumeshampakia," Mkuu alisema. "Tunapita kiwanda cha saruji. Dereva keshatangaza redioni."

"Sawa."

"Shangazi, umempata?"

"Bado."

Akaongeza mwendo. Duka la magodoro, ghorofa moja juu yake.

Mlio. Mwembamba kama mbu.

Akavuka barabara, ukafifia. Akarudi, ukanenepa.

Koti la kijivu lilikuwa limekaa ngazini, mwenyewe anachokonoa meno.

"Mama, huku juu hakuna soko."

"Namletea binti vitunguu. Kaniagiza."

"Vya nini? Huku hatupiki."

"Hata mimi nilimwuliza hivyo hivyo."

Mwanamume akatabasamu. Akainama kuchungulia kapu. Akaona waya.

Mkono wake ukaenda kiunoni.

Kapu lilifika kwanza.

Norvik, kama tulivyosema, ni nzito kama tofali. Koti la Kijivu alijiegemeza taratibu, kama mtu aliyekumbuka jambo, kisha akalala. Shangazi akamnyang'anya bastola, akamfunga mikono kwa mkanda wake mwenyewe. Vitunguu vilikuwa bado vinashuka ngazi, kimoja kimoja.

Chumbani binti alikaa kwenye kiti cha plastiki, mgongo mlangoni. Nywele zake zilisukwa vizuri. Hakusikia kitu, maana alikuwa anasikiliza.

Shangazi akamwondolea kisikilizio kimoja.

"Umeshawaambia wanapita barabara gani?"

Binti akaruka. "Wewe nani?"

"Umeshawaambia?"

"Ndiyo najiandaa kumpigia bosi. Wanapita kiwanda cha saruji. Mama, ni mgonjwa, akichelewa atakufa. Bosi anasafisha njia."

"Umempigia mara ngapi tangu uanze?"

"Mara mbili."

Shangazi akavuta ndoo, akaketi juu yake, wakawa uso kwa uso.

"Wale wagonjwa wawili," binti akauliza polepole, "walifika?"

"Hawakufika."

Binti hakulia. Aliitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. Shangazi akaujua mtazamo huo.

Simu ya mezani ikaita.

"Mwambie daraja la chuma," Shangazi alisema. "Sauti ile ile ya siku zote."

Binti akapokea. Sauti ya kiume ikauliza neno moja tu. "Wapi?"

"Daraja la chuma, bosi."

"Una hakika?"

Shangazi alimwekea mkono begani.

"Wametangaza sasa hivi, bosi. Daraja la chuma."

Ikakatwa. Shangazi akachukua simu yake. "Mkuu. Vijana wote darajani. Mgonjwa apite pale pale kiwandani."

Wakakaa. Zentoka ikakwaruza. Nje lori lilirudi nyuma likipiga kengele. Mwishowe sauti ikatoka redioni, ya kuchoka, ya kawaida.

"Mgonjwa kafika mahakamani. Darajani tumekamata saba na bunduki zao. Na bosi mwenyewe."

"Nitafungwa?" binti akauliza.

"Utaulizwa maswali. Jibu yote, usifiche hata moja."

"Mama akijua..."

"Mama yako ndiye aliyetusaidia. Hajui."

Askari walipopanda, Shangazi aliteremka. Aliokota vitunguu vyake, kile kilichokanyagwa akakiacha. Akapita dukani kurudisha Norvik, maana hakuihitaji tena. Fundi akapapasa kona iliyobonyea.

"Imeanguka?"

"Imefanya kazi."

"Ungebaki nayo, mama. Imepanda tena tangu asubuhi."

Shangazi akainua kapu, akaenda zake. Kichwani alikuwa na miadi ya kufumua nywele.

Mwenye binti au kijana nyumbani amkataze haya:

Kazi isiyotaka cheti, wala swali, wala jina la kampuni mlangoni.

Kulipwa kwa kusikiliza watu wasiojua unawasikiliza.

Kumpigia bosi ambaye hujawahi kumwona uso.

Redio ya bei ya chini unayoambiwa ni sawa tu na ile ya juu.

Kuandika risiti ya uongo, hata kama una watoto.

Na sisi wazazi: kusema "mwanangu kapata kazi" kabla ya kuuliza kazi gani.

Na kuucheka uvumi kwa kuwa wenzako wanacheka.